Picha nyeusi na nyeupe njiani kwenda kazini: anza na ukuta mmoja

Mtu anayetumia dakika 40 kufika kazini, siku tano kwa wiki, mwaka ukiisha atakuwa amekaa njiani kama saa 160, na hapo hatujahesabu safari ya kurudi. Wengi wenye kamera huniambia hawana muda wa kupiga picha. Muda wanao, ila wanaupitia wakiwa wameinamia simu.

Kisingizio cha pili ni "njia yangu haina kitu". Hapo ndipo ninapobisha. Njia unayoipita kila siku ina faida ambayo mgeni haipati hata akija na kamera ya bei mbaya: unaijua. Unajua ukuta upi una madoa, ngazi zipi huteleza, watu wa saa ngapi hukimbia na wa saa ngapi hutembea. Kilichobaki ni kujua mwanga unafika wapi dakika gani, kisha kumngoja mtu apite. Mwongozo huu wote unazunguka hapo. Na rangi tunaiondoa kwa sababu asubuhi ya mjini imejaa mabango, mabasi yenye matangazo na mifuko ya plastiki, kila kimoja kikitaka kutazamwa. Ukiiondoa, zinabaki nuru, giza na maumbo.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza, andika tu

Usipige picha. Najua inauma, hasa kama kamera ni mpya. Chukua daftari la kuingia mfukoni, na kila unapoona mwanga umefanya jambo, andika mahali na dakika. La kwangu lina mistari kama hii: "Uchochoro kabla ya daraja, 1:12, mstari wa jua upana wa mlango, unakatisha njia." "Ngazi za kituo, 1:25, kivuli cha vyuma kinaangukia ukuta wa kushoto." "Vioo vya jengo refu, 1:31, vinarudisha jua upande wenye kivuli." Hilo la mwisho lifuatilie sana. Jua lililorudishwa na kioo huangaza mahali ambapo jua lenyewe halifiki, na anayepita hapo humulikwa usoni huku nyuma yake kukiwa giza.

Dakika nazisisitiza kwa sababu asubuhi mambo hubadilika upesi. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, kivuli cha mtu ni zaidi ya mara tano ya urefu wake. Likifika nyuzi 20, kimeshafupika hadi chini ya mara tatu. Pale jua linapopanda wima, hiyo ni kazi ya dakika 40 tu. Ukichelewa basi moja, umekuta picha nyingine kabisa.

Na tarehe pia iandike. Mstari wangu wa jua wa uchochoroni ulinipotea baada ya wiki chache, nikadhani kuna jengo limeongezwa ghorofa. Kumbe jua lilikuwa limehama pale linapochomozea, kama linavyofanya mwaka mzima, likaenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Lilirudi lenyewe miezi baadaye. Bila tarehe daftarini nisingejua kwamba litarudi.

Mwisho wa wiki chagua mahali patatu, si zaidi. Pengine pote pafute bila huruma.

Hatua ya 2: Kamera na maandalizi ya usiku

Kamera inayofaa ni ile unayoweza kuishika mkononi tangu mlangoni kwako hadi kazini. Simu inatosha. Kamera iliyolala chini ya begi haipigi picha. Inakuongezea uzito tu. Ukiwa na kamera ya lenzi za kubadilisha, beba moja, ya milimita 28 au 35, yaani inayoona upana, ujifunze kusogea kwa miguu. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana unaokaribia huo, kwa hiyo wenye simu wameshatatuliwa tatizo hili. Lenzi ya kuvuta mbali iache nyumbani, maana inakufundisha uoga.

Betri, kadi na ISO (namba ya wepesi wa kamera au filamu kuushika mwanga) zishughulikie usiku kabla ya kulala. Mimi nilishatoka nyumbani asubuhi ya jua kali, kamera nikiwa nimeiweka ISO 3200 na kasi (muda ambao kamera hupokea mwanga) niliyoiachia tangu shughuli ya usiku uliopita. Nilipiga picha kumi na tisa nikiwa na furaha zangu zote. Nilipozifungua ofisini, zote zilikuwa nyeupe kama karatasi. Hakuna programu inayoweza kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona.

Anayetumia filamu achukue ya ISO 400. Tri-X ya Kodak, iliyoingia kwenye filamu za milimita 35 mwaka 1954, na HP5 Plus ya Ilford zina uvumilivu mkubwa. Ukikosea mwanga kidogo hazikuadhibu. Filamu moja ina picha 36. Piga saba kwa siku, utamaliza wiki ya kazi na itabaki moja ya kuharibu.

Hatua ya 3: Ona bila rangi, hifadhi na rangi

Kwenye mipangilio ya kamera, weka mtindo wa picha uwe wa nyeusi na nyeupe, lakini hifadhi faili ghafi, ile ya RAW. Hapo skrini itakuonyesha picha isiyo na rangi wakati faili lenyewe limezishika rangi zote, na utazihitaji jioni. Ukihifadhi JPEG, faili la kawaida la picha, peke yake, rangi zimekwenda na hazirudi. Simu nyingi nazo zina kichujio cha namna hiyo unachoweza kukiwasha kabla ya kupiga.

Kwa nini usipige kwa rangi tu, uziondoe baadaye? Kwa sababu jicho hudanganywa. Mtu mwenye shati jekundu akisimama mbele ya ua wa majani mabichi, machoni pako anang'aa kama taa. Ondoa rangi uone: wekundu na ukijani vinaweza kuangukia kijivu kilekile, na mtu wako akazama uani. Kila programu inayobadilisha picha huzipa rangi uzito tofauti. Hesabu ya zamani ya televisheni, ambayo bado inatumika, huchukua takriban asilimia 59 kutoka kwenye kijani, 30 kwenye nyekundu na 11 tu kwenye bluu. Ndiyo maana nguo ya bluu iliyokolea hutoka karibu nyeusi.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Finya macho mpaka uone ukungu. Rangi hufifia, na kinachobaki wazi ni sehemu zenye mwanga na sehemu zenye giza. Kama mtu na ukuta nyuma yake vimeshikana ukiwa umefinya macho, na kwenye picha vitashikana. Mimi hufanya hivyo nikivuka barabara. Wanaonifahamu wameshazoea.

Hatua ya 4: Pima mwanga kwenye mwanga

Hapa ndipo picha nyingi nyeusi na nyeupe zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kwamba dunia ni kijivu cha kati. Kielekeze kwenye ukuta mweupe, kitaufanya kijivu. Kielekeze kwenye koti jeusi, nalo kitalifanya kijivu. Ukikutana na mstari mwembamba wa jua katikati ya uchochoro wenye kiza, kamera inaona kiza kingi, inaongeza mwanga, mstari wako unaungua na uchochoro unakuwa na rangi ya majivu ya jana. Picha imekufa.

Dawa ni kupima pale penye jua. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka ijifunge, kisha vuta kidole chini kupunguza kidogo. Kwenye kamera, punguza fidia ya mwanga (kipimo cha kuongeza au kupunguza mwanga ambao kamera imeuchagua) hadi −1, uangalie, ikibidi ushuke zaidi. Giza liache liwe giza. Kwenye picha za aina hii, nusu nzima ya fremu ikiwa nyeusi si kosa. Huo weusi ndio unaoubeba mstari.

Kwa filamu sheria inageuka: pima kwenye kivuli unachotaka kionekane, kwa sababu filamu hustahimili mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Na ikiwa huna kipima, jua likiwa kali na liko juu vya kutosha, weka f/16 (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba kubwa, tundu dogo) na kasi iliyo karibu na namba ya ISO. Kwa ISO 400, chukua 1/500 ya sekunde. Jua la asubuhi likiwa bado chini, ongeza hatua moja au mbili, kila hatua ikiwa mwanga mara mbili ya ule wa kwanza.

Sasa ngozi nyeusi. Kamera ikiona uso mweusi umejaa kwenye fremu hukimbilia kuung'arisha, na uso unatoka umepauka kama uliopakwa unga. Usikubali. Mweke mtu mwanga umjie kutoka ubavuni, pima pale jua linapogusa mfupa wa shavu au paji la uso, na uache upande wa pili ushuke. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa mng'ao mdogo na mkali, na kwenye picha isiyo na rangi mng'ao huo huchora uso mzima. Mpiga picha Roy DeCarava wa New York, aliyepewa ufadhili wa Guggenheim mwaka 1952, alichapa picha zake za Harlem, mtaa wa Weusi wa jiji hilo, kwa vijivu vya chini kabisa, na ndani ya giza hilo bado unawaona watu na nyuso zao. Tafuta picha zake uzitazame taratibu. Utaacha kuogopa kivuli.

Hatua ya 5: Maliza fokasi kabla mtu hajafika

Anayekwenda kazini hakusubiri. Kamera inapoanza kutafuta fokasi, yaani umbali ambapo picha inakuwa wazi, yeye ameshapita. Kwa hiyo ifunge mapema. Kwa kamera yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya 28 ikiwekwa f/8 na fokasi ikafungwa kwenye mita 3.3, kila kitu kuanzia karibu mita 1.7 hadi mbali kabisa kitakuwa wazi vya kutosha. Kwa lenzi ya 35, funga kwenye mita 5, utapata kuanzia mita 2.5. Mita tatu zijue kwa miguu yako: zipime sebuleni, uhesabu hatua.

Kasi iwe 1/500 kwa mtu anayekatisha mbele yako na 1/250 kwa anayekuja upande wako. ISO ipande inavyotaka kupanda. Chenga, zile chembe zinazoletwa na ISO kubwa, kwenye picha ya rangi huudhi, lakini kwenye nyeusi na nyeupe hazina ubaya, na wengine tunazipenda.

Hatua ya 6: Simama, panga fremu, ngoja

Kosa la kila anayeanza ni kumfukuzia mtu. Anaona kofia nzuri, anaikimbilia, anapiga mgongo wa kofia na nguzo ya umeme ikimtoka mwenye kofia kichwani. Fanya kinyume. Panga fremu kwanza ikiwa tupu: ukuta, mstari wa jua, kona safi. Angalia pembe zote nne kama kuna takataka inayong'aa, maana doa moja jeupe pembeni litaiba macho. Halafu kaa kimya. Watu wataingia wenyewe.

Bonyeza miguu inapofunguka kama mkasi. Miguu ikiwa imepishana, mtu anakuwa kama nguzo; ikifunguka, na mwanga ukapita katikati, anatembea. Ngoja awe peke yake kwenye mwanga. Wawili walioshikana vivuli hugeuka donge.

Asubuhi moja alikuja fundi amebeba kioo kikubwa mgongoni, kimefungwa kwa kamba. Alipoingia kwenye ule mstari wa uchochoroni, kioo kilirusha jua ukutani, pande la mwanga likakimbia juu ya matofali kama kitu kilichofukuzwa. Lilidumu kama sekunde mbili. Mimi nilikuwa nimeshusha kamera naangalia saa. Wiki tatu nzima nilisimama palepale nikimngoja yule fundi, na hakupita tena. Ila katika kumngoja yeye, alipita mtoto wa shule akauruka ule mstari wa jua kama anavyoruka mfereji wa maji. Nilipata miguu yake miwili hewani na kivuli chake chini, uso uko nje ya fremu. Ni katika picha nilizozitundika nyumbani.

Jiwekee dakika kumi kwa mahali pamoja, na kengele ya simu ya kukuondoa hapo. Ninasema hivi nikiwa nimeshakaripiwa kwa kuchelewa. Toka nyumbani robo saa mapema, na wala usiibe muda wa mwajiri. Picha yenye wasiwasi haiji vizuri.

Hatua ya 7: Ndani ya basi au treni

Ukipata kiti cha dirishani, gusisha lenzi kwenye kioo, au ziba pembeni kwa kiganja, ili usipige sura yako mwenyewe. Usigusishe kwa nguvu, maana mtikisiko wa gari utaingia kwenye picha. Kasi isishuke chini ya 1/250. Mvua ikinyesha, jaribu kufunga fokasi kwenye matone ya dirishani na uache mji uwe vivuli nyuma yake.

Mwenye kusimama atazame juu: mikono iliyoshika bomba ina habari nyingi kuliko nyuso. Saa, pete, kucha zenye grisi, kitambaa kilichofungwa kidoleni.

Kati ya 1938 na 1941 mpiga picha Walker Evans aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York kwa kamera aliyoificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, waya wa kubonyezea ukipita kwenye mkono wa koti. Alikaa na picha hizo hadi 1966 ndipo akazitoa kitabuni. Ni picha kubwa, lakini mimi sifichi kamera. Aliyekugundua unamvizia hatakusamehe, na mnapanda basi moja kesho.

Hatua ya 8: Watu wa njia hiyo ni majirani zako

Utawaona tena, kwa hiyo heshima hapa ni ya lazima. Anayekataa kwa mkono, shusha kamera. Anayeomba ufute, futa mbele yake. Nyuso za watoto ziache. Mtu aliyelala barabarani au anayelia si mapambo ya ukuta wako. Sheria nazo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Vituo vya treni, madaraja, benki na majengo ya serikali ni mahali pa kuuliza kwanza kabla mlinzi hajakuuliza wewe.

Na salamu inafungua njia. Mzee mmoja ambaye hukaa kwenye benchi ya kituo aliniita: "Kijana, huo ukuta una nini? Kila siku uko hapo."

"Shikamoo mzee. Naungoja mwanga ufike pale kwenye doa." Nikamgeuzia skrini aone.

"Marahaba." Akatazama, akacheka. "Basi usiondoke. Kuna mama mwenye mwavuli mkubwa, hupita saa moja na robo, hakosi."

Alipita kweli. Tangu hapo mzee ndiye daftari langu la pili.

Hatua ya 9: Siku za mawingu

Hakuna mistari, hakuna vivuli. Usirudishe kamera begini, badilisha unachotafuta. Mwanga wa mawingu hauwi mkali, unafaa kwa nyuso, ngozi ya mikono, magome ya miti, kuta zilizobanduka rangi. Anga jeupe tupu lipunguze kwenye fremu. Lami iliyolowa inang'aa vizuri sana, basi inama.

Hatua ya 10: Kuchagua na kuhariri

Usichague siku hiyohiyo. Ukiwa bado unakumbuka jinsi ulivyohangaika, utaipenda picha kwa ajili ya jasho lako. Acha hadi mwisho wa wiki. Katika mia mbili, tatu zikibaki umefanya vyema.

Lakini usiache milele. Vivian Maier alikuwa yaya mjini Chicago, akipiga picha mitaani katikati ya kazi yake, mara nyingi watoto aliowalea wakiwa pembeni. Aliacha negativu zaidi ya 100,000, na filamu nyingi hazikuwahi kusafishwa. Zilianza kujulikana baada ya shehena ya vitu vyake kupigwa mnada mwaka 2007; yeye alifariki 2009.

Kwenye programu ya kuhariri, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwa vitelezi vya rangi, usibonyeze kitufe cha kuondoa rangi zote kwa mkupuo. Shusha bluu, anga litakuwa zito. Pandisha au shusha rangi ya chungwa, ngozi itabadilika. Wapiga filamu hufanya hayo kwa vioo mbele ya lenzi: cha njano hula takriban hatua moja ya mwanga, cha chungwa mbili, chekundu tatu. Kisha hakikisha kuna sehemu ndogo iliyo nyeusi kabisa na sehemu ndogo iliyo nyeupe kabisa. Kama unataka ukungu wa makusudi, sawa, ila uwe wa makusudi.

Chapa ndogo za sentimita 10 kwa 15, uzipange mezani. Folda zangu nimezipa majina ya mahali badala ya tarehe: "Uchochoro", "Ngazi", "Vioo". Ukipanga hivyo unaona mara moja ni mahali gani umepachosha na wapi bado hujapata picha.

Safari ya kurudi jioni inataka wiki yake ya kuandika. Jua liko upande mwingine, kuta zilizokuwa na giza asubuhi sasa ndizo zinazowaka, na watu wanatembea polepole zaidi. Daftari langu la asubuhi linaanzia mbele. La jioni nimeanzia ukurasa wa nyuma, na yamebaki makaratasi sita katikati.